Hedhi imeanza kuyumba na umri unasogea: mwongozo wa perimenopozi hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Hedhi imekuja mara mbili mwezi huu, ni nini hii? Nina miaka 43, usiku naamka shati limelowa, ndio nimeshakoma? Nimepima homoni nikaambiwa ziko sawa, sasa mbona nahisi kama nachanganyikiwa? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, leo nayaweka yote pamoja ili usome mara moja na uanze leo leo. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu miaka miwili nikidhani nina matatizo manne tofauti, usingizi kivyake, hasira kivyake, damu kivyake, moyo kwenda mbio kivyake, kumbe lilikuwa jambo moja.

Tuelewane maneno kwanza. Menopozi, yaani kukoma hedhi, inahesabiwa pale unapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi wanafika hapo kati ya miaka 45 na 55. Perimenopozi ni ile safari ya kuelekea huko. Wengi wanaianza wakiwa kwenye arobaini na kitu, wachache mwishoni mwa thelathini, na kwa wastani inachukua kama miaka minne, ila kuna anayemaliza ndani ya miezi na kuna anayefika miaka kumi.

Nadharia ni hii tu. Mwezi mmoja yai linapevuka, mwezi mwingine halipevuki. Lisipopevuka, projesteroni inakuwa kidogo, na estrojeni nayo (hizi ndizo homoni mbili kuu za kike) inapanda na kushuka ovyo, miezi mingine inapanda kuliko hata ulipokuwa binti. Ukuta wa ndani wa kizazi unajengeka mnene, siku ukibomoka unatokwa damu kama bomba limepasuka. Kwa hiyo ukiambiwa "homoni zako zimepungua" jua hiyo ni nusu ya maelezo, mwanzoni tatizo ni kuyumba zaidi kuliko kupungua, na ndio maana leo uko sawa kabisa na kesho kutwa hujitambui.

VITU VYA KUANDAA KABLA HUJAANZA

- Daftari dogo na kalamu, vikae kando ya kitanda. Simu inafaa pia, ila ukiishika simu usiku usingizi ndio umeaga.
- Kipimo cha mimba cha mkojo. Ndiyo, hata kama una miaka 47.
- Mahali pa kupima presha, au mashine yako ya nyumbani.
- Orodha ya kila unachomeza: dawa za hospitali, dawa za asili, vitamini, chai za kupunguza mwili, vyote.
- Habari za ukoo. Mpigie mama, mama mdogo, shangazi au dada mkubwa umuulize alikoma na miaka mingapi, kuna aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari, kuna aliyepata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kuna aliyevunjika nyonga uzeeni. Haya maswali yanatia aibu kidogo kuyauliza lakini daktari atayauliza tu, bora uende na majibu.
- Miezi mitatu ya kuandika bila kuruka. Hii ndio ngumu kuliko zote hapo juu.

HATUA ZENYEWE

1. Hakikisha sio kitu kingine

Usijipe jina la perimenopozi kabla hujaondoa mambo haya. Anza na mimba, pima leo. Alafu omba vipimo vya damu vya kawaida: wekundu wa damu, akiba ya madini ya chuma (inaitwa feritini), tezi ya thairodi, na sukari. Thairodi ikizidi inakuletea joto, moyo mbio, kukosa usingizi na hedhi kuvurugika, yaani inafanana na perimenopozi mpaka unaweza kuapa ndiyo. Upungufu wa damu nao unaleta uchovu, kuhema na moyo kudunda.

Umri unabadilisha kila kitu hapa. Kama hujafika 40 na hedhi imekaa miezi kadhaa haiji, hilo halisubiri, nenda kapimwe, kwa sababu ovari zinaweza kuwa zinaacha kazi mapema na hiyo inahitaji matibabu ya kulinda mifupa na moyo. Kama uko kati ya 40 na 45 nenda pia. Ukivuka 45 na una dalili zinazoeleweka, kipimo cha homoni ya FSH (ile inayotoka kwenye ubongo kuchochea mayai) hukihitaji. Watu wengi wanakosea hapa, wanalipa, wanaambiwa "kawaida", wanarudi nyumbani wakijiona waongo. Homoni hiyo inaruka, ukipima Jumatatu ni hivi ukipima wiki ijayo ni vile, na ukiwa unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili jibu halina maana kabisa. Baada ya 45 daktari anaangalia umri wako, hedhi yako na dalili zako, basi.

2. Fungua daftari

Kila jioni mstari mmoja, dakika mbili, usiandike insha. Tumia herufi: D ni damu na idadi ya pedi, J ni joto la ghafla na mara ngapi, U ni usingizi na saa uliyoamka, M ni moyo au mood, alafu kitu kimoja kilichotokea siku hiyo. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi:

"Jumanne. D siku ya 3, pedi 7, madonge mawili. J mara 4, moja kwenye kikao. U niliamka saa tisa usiku, mgongo umelowa, sikulala tena. M nimemfokea mtoto kwa ajili ya kijiko."

Kile kijiko ndicho kilichonifungua macho. Nilipopekua nyuma baada ya miezi mitatu nikakuta hasira za namna ile zinakuja siku nne au tano kabla ya damu, kila mara, na wiki nyingine zote mimi ni mtu mzima mwenye akili zake. Nilikuwa nimeshaanza kuamini nimekuwa mama mbaya. Daftari likaniambia tofauti.

Jinsi ya kuhesabu mzunguko: kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Kosa la kila siku ni kuhesabu kuanzia damu ilipoisha, ukifanya hivyo hesabu zako zote zinakuwa fupi na daktari anapotea.

Ukishapata miezi kadhaa angalia vitu viwili. Mizunguko ikianza kupishana kwa siku 7 au zaidi, mmoja siku 25 unaofuata siku 34, na hali hiyo ikawa inajirudia, uko mwanzo wa safari. Ukianza kukaa siku 60 au zaidi bila damu, uko sehemu ya mwisho, na hapo mara nyingi imebaki kama mwaka mmoja mpaka mitatu.

3. Jua damu ipi ni ya kukimbilia hospitali

Hapa nataka usome taratibu, na kama utasoma hatua moja tu kwenye mwongozo huu basi iwe hii. Hedhi kubadilika ni kawaida ya kipindi hiki, ila sio kila damu ni ya kipindi hiki. Nenda ukaonwe kama:

- unalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, na hali hiyo inaendelea saa kadhaa mfululizo
- madonge ni makubwa kuliko sentimita 2.5 hivi
- damu inapita siku 7
- hedhi zinafuatana chini ya siku 21
- damu inatoka katikati ya hedhi mbili, au baada ya tendo la ndoa
- ulishatimiza miezi 12 bila hedhi alafu ukaona damu, hata tone moja, hata ya rangi ya chai

Hiyo ya mwisho usiisubiri irudi mara ya pili. Mara nyingi sababu inakuwa ndogo, lakini saratani ya ukuta wa kizazi inaanzaga hivyo hivyo, na ikikamatwa mapema inatibika vizuri. Na ukiwa unatokwa damu nyingi huku unaona kizunguzungu, unahema, moyo unakimbia, hiyo ni dharura ya leo, usilale nayo.

Mimi nilivaa nguo nyeusi tu miezi minane. Nilikuwa nakunja taulo naliweka kwenye kiti kabla sijakaa, kazini nachagua kiti cha nyuma karibu na mlango, nikisimama nageuka kuangalia nilipokaa. Nilienda sehemu moja nikaambiwa "ni umri mama, itaisha yenyewe", nikarudi nyumbani nikatulia. Nilipokuja kupimwa kwingine wekundu wa damu ulikuwa 8, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu, na altrasaundi ikaonyesha uvimbe ndani ya kizazi, fibroidi. Umri ulikuwepo kweli, na fibroidi ilikuwepo pia. Kwa hiyo ukiambiwa ni umri, uliza swali moja tu: mmeangalia kizazi?

Damu nyingi ina matibabu, sio lazima uvumilie. Kuna asidi ya traneksamiki inayomezwa zile siku za damu tu. Kuna dawa za jamii ya ibuprofeni ambazo zinapunguza damu na maumivu pamoja, ila sio kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Kuna vidonge vya projesteroni. Na kuna koili yenye homoni, ile ya levonorgestreli, ambayo kwangu ndiyo iliyomaliza kazi. Fibroidi na vinyama vinaweza kuhitaji kutolewa. Na kama madini ya chuma yameshuka meza vidonge vyake, usivimeze na chai wala kahawa maana vinazuia chuma kuingia mwilini, acha nafasi ya saa moja au mbili.

4. Usiache uzazi wa mpango mapema

Yai kupevuka mara moja moja maana yake ni kwamba linapevuka. Watu wanapata mimba wakiwa na miaka 46 kwa sababu walikaa miezi minne bila hedhi wakasema nimeshamaliza. Kanuni ni hii: ukipata hedhi ya mwisho hujafika 50, endelea kujikinga miaka miwili baada yake. Ukiipata baada ya 50, endelea mwaka mmoja.

Vidonge vya homoni mbili havimfai anayevuta sigara akiwa amevuka 35, mwenye presha ya juu, wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, hao wako kwenye hatari ya kiharusi. Koili ya shaba inafanya kazi vizuri ila inaweza kuongeza damu, kwa hiyo kama shida yako ni damu fikiria ile ya homoni. Na dawa za homoni za kutibu dalili, ambazo ntazieleza hatua ya 9, zenyewe hazizuii mimba.

5. Joto la ghafla na jasho la usiku

Linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unadunda, jasho linachuruzika, dakika moja mpaka tano limepita na sasa unasikia baridi. Ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, mwili unaona joto kidogo tu unadhani unaungua.

Mchana vaa nguo nyepesi mbili juu ya nyingine ili ya juu uivue, za pamba, epuka zile zisizopitisha hewa. Kunywa maji baridi linapoanza tu, usisubiri lifike kichwani. Usiku andaa kabla hujalala: shati la pili lililokunjwa kando ya mto, taulo dogo, maji. Ukiamka umelowa unabadilisha gizani, unalala, huwashi taa wala hushiki simu. Hili dogo limenisaidia kuliko nilivyotegemea.

Vichochezi angalia kwenye daftari lako mwenyewe. Kwa mwingine ni pombe, kwa mwingine kahawa, pilipili, chumba chenye joto au ugomvi. Usijinyime kila kitu kwa sababu mtu kakuambia, jinyime kile ambacho daftari linakionyesha. Sigara acha bila kuuliza daftari. Kama mwili umezidi uzito, kupungua kunawasaidia baadhi. Na kuna tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwitikio wako, hiyo haizuii joto lisije ila inalifanya lisikusumbue kiasi kile, na imefanyiwa utafiti wa kutosha.

Angalizo: jasho la usiku likiambatana na homa, kukonda bila sababu, matezi kuvimba au kikohozi cha wiki mbili na zaidi, acha kufikiria menopozi, nenda kapime TB, virusi vya ukimwi na mengine. Nimeona mtu akichelewa kwa hili.

6. Usingizi, hasira, na kusahau

Kuamka saa tisa au saa kumi usiku na macho kavu ndio malalamiko namba moja ninayosikia. Amka saa ile ile kila asubuhi hata kama hukulala, kahawa iishie mchana, na ukikaa kama dakika 20 hujashikwa na usingizi toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu mpaka usinzie. Ukibaki kitandani unahesabu madeni, kitanda kinageuka mahali pa mawazo.

Kusahau jina la mtu unayemjua, kuingia chumbani usijue umefuata nini, sentensi kukatika katikati, hayo yanawapata wengi na mara nyingi yanatulia baadaye, sio dalili kwamba akili inakufa. Usingizi ukirudi hata kumbukumbu inarudi kidogo.

Huzuni ni jambo zito zaidi. Kama uliwahi kuugua sonona, au ulipata ile ya baada ya kujifungua, kipindi hiki kinaweza kuirudisha. Wiki mbili mfululizo huoni raha ya kitu chochote, hiyo sema kwa mtu wa afya. Na ukianza kuona bora usiwepo, mwambie mtu usiku huo huo na uende kituo cha afya, usikae peke yako na hilo wazo. Linatibika, nakuomba uniamini.

7. Mifupa, misuli na moyo

Nitapita haraka. Estrojeni inapoondoka mifupa inapoteza uzito kwa kasi, na hatari ya magonjwa ya moyo inapanda. Tembea kwa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki, na siku mbili fanya mazoezi ya nguvu: kunyanyua vitu vizito, kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta. Kalsiamu ni kama miligramu 1,000 kwa siku, ukifika miaka 50 iwe 1,200, hesabu na ile iliyomo kwenye chakula kwanza ndio uongeze vidonge. Vitamini D pia. Presha, sukari na mafuta kwenye damu pima angalau mara moja uwe na namba zako.

8. Uke mkavu na mkojo

Watu wananiuliza hili kwa kunong'ona, na wengine wameacha kabisa kulala na waume zao bila kusema kwa nini, mume anadhani hapendwi. Uke unakuwa mkavu na ngozi yake nyembamba, tendo linauma, mkojo unabana kila saa, maambukizi ya mkojo yanarudi rudi. Tofauti na joto la ghafla, hili halipungui lenyewe, likiachwa linazidi.

Anza na kilainishi cha maji wakati wa tendo, na kuna vilainishi vya kupaka kila baada ya siku mbili tatu hata kama hakuna tendo. Mafuta yanaharibu kondomu za mpira, usivichanganye. Yasipotosha uliza estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo. Dozi yake ni ndogo sana, inayoingia kwenye damu ni kiasi kidogo mno, na wengi wanaoogopa homoni za kumeza wanaweza kuitumia hii. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aongee kwanza na daktari wake wa saratani. Na usiweke sabuni, manukato wala dawa za kubana huko ndani, unaongeza michubuko.

9. Nenda kwa daktari ukiwa umejipanga

Dakika zako ni chache, usianze na hadithi. Andika juu ya karatasi: "Nina miaka 46. Miezi sita hii hedhi inapishana kati ya siku 22 na 41, natumia pedi 7 siku ya tatu, joto mara nne kwa siku, naamka kila usiku. Nataka kujua chaguo zangu." Mpe, alafu nyamaza asome.

Kuhusu tiba ya homoni, mambo ya kujua kabla hujaingia:

Mwenye kizazi anapewa estrojeni pamoja na projesteroni, lazima zote mbili, kwa sababu estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Aliyeondolewa kizazi mara nyingi anapewa estrojeni peke yake. Estrojeni ya kibandiko au jeli ya ngozi haipandishi hatari ya damu kuganda kwa dozi za kawaida, ya vidonge inapandisha. Koili yenye homoni inaweza kuwa ndiyo projesteroni yako, na hapo hapo inazuia mimba.

Hofu kubwa ilitokana na utafiti wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002. Wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63 na walipewa vidonge vya aina moja, wewe wa miaka 47 mwenye kibandiko hulingani nao. Kwa mwenye afya ambaye hajafika 60, au hajapitisha miaka 10 tangu akome, faida mara nyingi inazidi hatari. Saratani ya matiti inaongezeka kidogo kwa wanaotumia homoni mbili, na inaongezeka kadri miaka ya kutumia inavyozidi, hilo liulize bila aibu. Asianze kabisa mwenye saratani ya matiti, mwenye damu ya ukeni isiyojulikana inatoka wapi, mwenye ini linaloumwa, wala aliyepata kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda, mpaka bingwa amuone.

Asiyeweza au asiyetaka homoni ana njia nyingine. Kuna dawa za jamii ya sonona kwa dozi ndogo kama venlafaksini na paroksetini (paroksetini isiende pamoja na tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, inaipunguza nguvu), kuna gabapentini ambayo inafaa jasho la usiku, na kuna fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hii unapimwa ini kabla na wakati unaitumia.

Kosa ninaloliona sana: kuazimana. Dada kapewa vibandiko, anakugawia nusu. Yeye hana kizazi, wewe unacho, umeshajiingiza kwenye hatari bila kujua.

MAMBO YAKIENDA NDIVYO SIVYO

"Nimeanza homoni natokwa damu ndogo ndogo." Miezi mitatu ya kwanza, hata sita, inatokea. Ikiwa nyingi, au ikiendelea baada ya hapo, rudi.

"Wiki mbili sijaona tofauti." Joto linaanza kupungua ndani ya wiki kadhaa, ila ipe miezi mitatu kamili ndio uhukumu. Usijiongezee kibandiko cha pili.

"Matiti yanauma, kichefuchefu." Mara nyingi yanatulia. Yasipotulia uliza kuhusu kupunguza dozi au kubadili aina, wengi wanaacha kabisa wakati kubadilisha kungetosha.

"Nilikaa miezi nane, hedhi imerudi." Hesabu inaanza upya kwenye sifuri. Najua inauma, hasa ukiwa umefika wa kumi na moja.

"Natumia koili ya homoni, sioni hedhi kabisa, nitajuaje?" Kwa umri na dalili nyingine. Ukivuka 50 daktari anaweza kupima FSH hata ukiwa na koili.

"Moyo unakimbia." Pima damu, thairodi na kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kusema ni homoni. Ukiambatana na maumivu ya kifua au kuzimia, nenda dharura.

"Nimeuziwa dawa ya mitishamba ya menopozi." Soma kilichomo. Mmea uitwao black cohosh umehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu. Mwingine, St. John's wort, unaharibu kazi ya dawa nyingi, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za virusi vya ukimwi, dawa za kuzuia damu kuganda, tamoksifeni. Kisichoandikwa kimetengenezwa na nini, usimeze.

"Daktari anasema vumilia." Fungua daftari mbele yake, muonyeshe namba za pedi. Akikataa muombe aandike kwenye faili kwamba uliomba uchunguzi na hakuona haja, mara nyingi hapo mazungumzo yanabadilika. Yasipobadilika tafuta mwingine, mimi ni wa tatu ndiye aliyeniwekea kifaa cha altrasaundi tumboni.

"Mume wangu haelewi." Wangu nilimpa daftari asome kurasa kumi, sikumwambia kitu. Alifika kwenye ile ya kijiko akanyamaza, kesho yake nikakuta feni imehamishiwa upande wangu wa kitanda.